Semina ya "Ubongo wa Saikopathi", Moshi: siku ya kwanza ilipie, ya pili ingia na kalamu nyekundu

Semina hii inahusu saikopathi, yaani mtu anayewaumiza na kuwarubuni wengine bila kuguswa kama watu wengi wanavyoguswa. Ni ya siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi wa ghorofani ulio mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stendi kuu ya Moshi. Kiingilio ni shilingi 60,000. Ikihamia Arusha inapanda hadi 75,000, na sababu inayotolewa ni kodi ya ukumbi. Ndani ya hela hiyo kuna chai mara mbili, chakula cha mchana na kabrasha la kurasa 34. Walengwa ni maofisa ustawi wa jamii, walimu wa unasihi, walezi wa vituo vya watoto, askari magereza, wachungaji, na siku hizi pia watu wa rasilimali watu kutoka mahotelini na kwenye kampuni za utalii, wanaotaka kujua meneja wao ni binadamu wa aina gani. Machalari ya Ijumaa, ndizi zilizopikwa na nyama, yanastahili sifa zote. Ugomvi wetu sisi tunaofanya kazi kwenye fani hii ni na neno moja tu, lililochapwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la kabrasha: HANA. Yaani saikopathi hana hofu, hana huruma, hana dhamiri.

Tuanze na kilicho chema. Saa ya kwanza inafagia takataka nyingi. Mtaani, saikopathi na chizi wamewekwa kapu moja, na mwezeshaji anawatenganisha vizuri. Mwenye saikosisi amepotezana na uhalisia: anasikia sauti, anaamini jirani amemtegea kitu darini. Saikopathi yuko timamu. Anajua leo ni siku gani, anajua sheria, na anajua kabisa kwamba unaumia. Daktari Hervey Cleckley wa Marekani ndiye aliyewaelezea kwa kina mwaka 1941, watu wenye sura ya uzima mtupu huku maisha yao na ya waliowazunguka yakiwa magofu. Linaelezwa pia jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5 wa 2013, hakuna ugonjwa unaoitwa usaikopathi. Kilicho karibu ni shida ya haiba ya kupinga jamii, ambayo mtu hapewi kabla ya miaka 18 na lazima awe alionyesha utovu wa nidhamu mzito kabla ya 15. Wengi wenye lebo hiyo si masaikopathi. Magerezani Amerika Kaskazini wanaofikia kiwango cha usaikopathi ni kama asilimia 15 hadi 25. Katika jamii kwa ujumla makadirio ya kawaida ni asilimia 1 hivi.

Kipindi cha pili ndicho kinachorudisha hela yako. Badala ya slaidi, kila meza ya watu watano inapewa ubongo wa mbuzi, sinia, kisu kirefu chembamba na glavu, iitafute amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayojifunza hofu. Wazo ni zuri sana, maandalizi yana kasoro. Tunazieleza kwa sababu wapo walimu watakaotaka kulirudia zoezi hili shuleni.

Kasoro inaanzia sokoni. Kichwa cha mbuzi kinachouzwa kwa supu kwa kawaida kimeshababuliwa motoni, na joto lile linapenya fuvu. Meza moja ilipata ubongo ambao juu ulikuwa umeiva kabisa, mweupe na mgumu kama yai la kuchemsha, na chini bado mbichi. Mwambie mchinjaji mapema akuwekee kichwa kabla ya kubabua, na usimruhusu akipasue kwa shoka. Fuvu likatwe kwa msumeno kuzunguka, kuanzia juu ya macho hadi kisogoni, mfupa utoke kama kofia. Chini yake kuna utando mgumu. Ukate kwa mkasi, usiuvute, maana ukivuta unaondoka na nyama ya ubongo. Ukishafika kwenye ubongo wenyewe, anza kuunyanyua kutoka nyuma, kwenye shina, ukielekea mbele, huku mkasi ukikata mishipa ya chini mmoja mmoja. Ubongo wa mbuzi ni kama gramu 120; wa binadamu mzima ni kama gramu 1,350.

Mbichi haukatiki. Unakatika kama uji uliolala. Uwekwe kwenye friza kama nusu saa ukaze kidogo, au, ikiwa una siku, ulowekwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia viungo visioze: sehemu moja ya ile ya chupa kwa sehemu tisa za maji, ujazo mara kumi ya ubongo, kwa wiki mbili, ukiwa umeninginizwa kwa uzi ili upande mmoja usilale na kubonyea. Madirisha yawe wazi. Semina ilitumia ya friza, na kufikia meza ya mwisho ilikuwa imeshayeyuka.

Kata kwa kulowesha kisu, vipande vya sentimita moja, kutoka mbele kwenda nyuma. Upande wa chini kuna njiapanda ya mishipa ya macho, herufi X nyeupe inayoonekana wazi. Kipande kinachofuata mara baada ya X hiyo ndicho chenyewe: angalia kona za chini, kushoto na kulia, utaona baka la kijivu lisilo na mpaka mkali. Hiyo ndiyo amigdala. Nusu ya ukumbi ilidhani wamekosea kwa sababu walitarajia punje inayong'aa kama ya kwenye mchoro. Hawakukosea. Kwa binadamu ziko mbili, umbo la lozi, ukubwa wa korosho, kila moja chini ya sentimita mbili za ujazo. Mtu akishaiona kwa macho yake ilivyo ndogo na ilivyochanganyika na majirani zake, anapunguza kuamini picha za mitandaoni zenye doa jekundu na maandishi "hapa ndipo uovu unapokaa". Kwa faida hiyo tu, zoezi hili tungelilipia peke yake.

Kile ambacho mbuzi hawezi kukuonyesha ni gamba la mbele, tabaka la ubongo lililo nyuma ya paji la uso, maana kwake ni dogo mno. Hapo mwezeshaji anageukia ubongo wa plastiki wa vipande nane, na kwenye ule wa semina amigdala imechorwa tu ndani, haitoki. Shikilia mbuzi kwa amigdala, plastiki kwa paji.

Maelezo ya kazi ya amigdala yametolewa kwa methali, na hatujasikia maelezo bora zaidi: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo hauna sumu. Kinachomshtua ni ubongo uliofunga fundo kati ya umbo lile refu na maumivu ya zamani, na fundo hilo hufungwa amigdalani. Mwaka 1957 David Lykken aliwapa wafungwa na watu wengine fumbo la vitufe, ambamo baadhi ya makosa yalileta shoti ya umeme na mengine hayakuleta. Wenye dalili za usaikopathi walijifunza njia ya kutokea sawa na wenzao, lakini walishindwa kujifunza kuepuka vitufe vya shoti. Kwenye miaka ya 1960 Robert Hare wa Canada aliwahesabia watu namba wakijua kwamba shoti inakuja kwenye namba fulani. Watu wa kawaida huanza kutoka jasho mikononi namba ikiwa bado mbali. Masaikopathi mikono yao ilibaki mikavu hadi karibu na mwisho. Mwaka 1993 Christopher Patrick na wenzake wakapima kupepesa kwa jicho kunakotokana na mlio wa ghafla. Ukiwa unaangalia picha ya kutisha, unapepesa kwa nguvu zaidi. Wenye usaikopathi hawakuonyesha nyongeza hiyo. Wameumwa na nyoka, na ung'ongo ni ung'ongo tu.

James Blair, Mwingereza, aliliongezea fundo hilo upande wa utu. Mtoto anampiga mwenzake, mwenzake analia. Kilio chenyewe ni adhabu kwa mpigaji, hata kama mama hakuona. Baada ya mara kadhaa wazo tu la kupiga linakuja na uchungu wake. Fundo lisipofunga, mtoto anajua kupiga ni kosa kama anavyojua kuvaa sare ni lazima, yaani ni sheria za wakubwa. Kabrasha linatumia "huruma" kila mahali hapa, na tafsiri hiyo inaleta vurugu. Kuna kusoma moyo wa mtu, na kuna kuumia naye. Saikopathi wengi la kwanza wanalifanya vizuri kabisa, ndiyo maana tapeli anajua mjane gani amfuate. Tungependa kabrasha liyatenge hayo mawili kwa majina.

Onyesho la jasho la vidole lilifanyika baada ya chai. Ni kifaa kidogo chenye elektrodi mbili, moja kwenye kidole cha shahada na nyingine cha kati, upande wa ndani, kinachopitisha umeme hafifu usiosikika na kuchora mstari kwenye simu. Mtu akishtuliwa, mstari unapanda baada ya sekunde moja hadi tatu. Kijana mmoja alifungwa vifaa, puto likapasuliwa nyuma yake, mstari ukalala kimya. Ukumbi ukacheka, mwezeshaji akatania kwamba "tumempata". Utani mbaya. Kijana alikuwa ametoka kunawa mikono kwa sabuni na maji baridi, na sabuni inaosha chumvi ya jasho inayopitisha umeme. Akakaa dakika moja badala ya tano hadi kumi za kutulia. Na wapo watu wa kawaida kabisa ambao ngozi zao hazijibu chochote, usaikopathi au la. Kinyume chake, kukohoa, kuvuta pumzi ndefu au kusogeza mkono kunapandisha mstari bila hofu yoyote. Ukifanya onyesho hili Arusha mwezi wa saba, na baridi ile, pasha mikono kwanza.

Kadi za nyuso zilikuwa na tatizo la namna hiyohiyo, na hapa tunataka kukaa kidogo. Washiriki walipewa kadi 24 zenye nyuso za hisia sita: furaha, huzuni, hasira, karaha, mshangao na hofu. Lengo ni kuonyesha kwamba kwenye usaikopathi sura ya hofu ndiyo hukosewa zaidi. Uchambuzi wa Abigail Marsh na Blair wa 2008, uliokusanya tafiti nyingi za watu wenye tabia za kupinga jamii, unaliunga mkono hilo. Lakini ukumbi mzima ulikosea hofu, watu wakaiita mshangao, na mwezeshaji akasema "mnaona ilivyo ngumu". Ugumu ulikuwa wa mashine ya fotokopi. Hofu inatambulikana kwa weupe wa jicho: kope za juu zinapanda, weupe unazunguka mboni. Fotokopi nyeusi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine imeziba weupe wote. Jicho limebaki tundu. Zaidi ya hapo nyuso zote zilikuwa za Wazungu, na inajulikana kwamba watu husoma hisia vizuri zaidi kwenye nyuso za watu wa kwao. Dawa yake ni rahisi: piga picha za rangi za watu kumi wa hapahapa waliokubali, chapisha kwenye karatasi ya picha, muulize kila mtazamaji achague kati ya majina sita yaliyoandikwa, na tupa kila picha ambayo chini ya watu saba kati ya kumi wameielewa.

Sehemu ya MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya kichwa, ilikuwa na mfano mzuri na hesabu mbaya. Mfano: amigdala ni Moshi, gamba la mbele la chini katikati ni Arusha, na kati yao kuna Daraja la Kikafu. Miji yote miwili inaweza kuwa mizima, lakini daraja likibana, mzigo haufiki. Daraja hilo kwenye ubongo ni fungu la nyuzi linaloitwa unsineti, na utafiti wa Michael Craig wa 2009 ulilikuta likiwa na hitilafu upande wa kulia. Mwezeshaji hakusema kwamba utafiti ule ulikuwa na masaikopathi tisa. Mwaka huohuo Yaling Yang na wenzake waliwapima masaikopathi 27 na watu wengine 32, wakakuta amigdala ndogo kwa karibu asilimia 18. Hiyo ni tofauti ya wastani. Makundi yanaingiliana, wapo masaikopathi wenye amigdala kubwa kuliko ya mchungaji wako. Huwezi kuanzia kwenye picha ukarudi kwa mtu ukamwita jina.

Hakueleza pia kwa nini picha za ubongo ukiwa kazini zinahitaji mkono mwepesi. Mashine haioni mawazo, inapima oksijeni ya damu, na damu huchelewa: neva zinafanya kazi sasa, kilele cha damu kinakuja sekunde tano hivi baadaye. Amigdala na gamba la mbele la chini vimepakana na matundu ya hewa ya fuvu. Mahali hewa na nyama zinapokutana uga wa sumaku unapinda, na ishara inafifia palepale unapotaka kuangalia. Mtu akitikisa kichwa milimita tatu, kazi imeharibika. Na kwa kuwa kompyuta inapima makumi ya maelfu ya vidoa kwa mpigo, vichache vitawaka kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimlaza samaki aina ya samoni, mfu, kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu na kumuuliza wana hisia gani. Bila kusahihisha hesabu, ubongo wa samaki yule ulionyesha vidoa vinavyowaka. Dakika tano za kumsimulia samaki huyu zingeuokoa mchana wote.

Phineas Gage naye alitajwa kuwa saikopathi wa kwanza kujulikana. Hapana. Fundi yule wa reli aliyetobolewa kichwa na nondo huko Vermont, Marekani, mwaka 1848 alielezwa kuwa mkali na asiyetulia baada ya ajali. Jeraha la paji huleta hasira za papo kwa papo. Saikopathi, pamoja na hizo, ana ukatili wa kupanga, wa baridi, wenye faida mwishoni.

Sasa neno "hana". Tafiti tatu zinalivunja, na semina haikugusa hata moja. Joseph Newman na wenzake, mwaka 2010, walirudia kipimo cha kushtuka kwa wafungwa wa Marekani, lakini safari hii kazi yenyewe ikiwa ni kuangalia ishara ya tishio. Masaikopathi walishtuka kama wengine. Hofu ilipotea pale tu akili yao ilipokuwa imeshikwa na jambo jingine. Harma Meffert na wenzake, Uholanzi, 2013, waliwaonyesha wanaume 18 wenye usaikopathi video za mikono ikibembelezana na kuchapana. Wakitazama tu, sehemu za ubongo zinazoitikia maumivu ya mwingine zilikuwa zimepoa. Walipoambiwa wajitahidi kuhisi kilichomo, pengo kati yao na wengine likapungua sana. Na mapema zaidi, 2006, Mark Dadds wa Australia alikuta wavulana wenye ukavu wa hisia, yaani wasiojuta wala kuguswa na wengine, wanaikosea sura ya hofu, ila wakiambiwa "angalia macho", wanaipata.

Kwa hiyo si kwamba hana. Haiji yenyewe. Kwako na kwangu uchungu wa mwenzio unabisha hodi bila kualikwa. Kwake mlango lazima aufungue mwenyewe, na mara nyingi haoni sababu. Hii ni tofauti kubwa kwa anayefanya kazi gerezani au kwenye kituo cha watoto. Kwa "hana" hakuna la kufanya zaidi ya kufuli. Kwa "haiji yenyewe" kuna pa kushika, hata kama mshiko ni mdogo. Halafu kuna hisia zinazokuja zenyewe vizuri tu: hasira, raha, tamaa. Joshua Buckholtz na wenzake, 2010, walikuta watu wa kawaida wenye alama za juu za msukumo na utovu wana mlipuko mkubwa zaidi wa dopamini, kemikali ya ubongo ya kutamani, kwenye kitovu cha raha. Mtu wa namna hii hajapoa kote. Amepoa upande mmoja na kuwaka mwingine.

Urithi ulipewa robo saa, na kauli moja iliyokosewa: "asilimia 67 ya usaikopathi wa mtu inatoka kwa wazazi". Namba ni ya kweli, sentensi si ya kweli. Essi Viding na wenzake, 2005, walichukua jozi 3,687 za mapacha wa miaka saba Uingereza na Wales, walimu wao wakawapima. Asilimia 67 ni sehemu ya tofauti kati ya kundi la watoto wenye ukavu mkubwa wa hisia na wengine inayoelezwa na jeni, kwa watoto wale, kwenye nchi ile. Haigawi mtu mmoja vipande. Kilicho muhimu zaidi kwa mwalimu kiliachwa: utovu wa nidhamu unaoambatana na ukavu wa hisia ulirithika kwa asilimia 81, na usioambatana nao kwa 30. Yaani watoto wawili wanaopiga wenzao kwa kiasi kilekile wanaweza kuwa na mizizi tofauti kabisa, na dawa tofauti.

Siku ya pili asubuhi ndipo kalamu nyekundu inapohitajika. Linagawiwa karatasi la vipengele 20, tafsiri ya kienyeji ya kipimo cha usaikopathi cha Robert Hare, yuleyule wa kuhesabu namba, na zoezi ni "mfikirie bosi wako au ndugu yako, mpe alama". Kipimo chenyewe ni kizuri kikiwa mikononi mwa aliyekisomea. Kila kipengele kina 0, 1 au 2, jumla 40. Amerika Kaskazini mstari wa kuitwa saikopathi ni 30, Uingereza mara nyingi hutumia 25. Kinahitaji mahojiano ya saa moja na nusu au zaidi, pamoja na mafaili ya polisi, shule na hospitali, maana unayemhoji huenda ni mwongo hodari. Bila faili, usipime. Hata mtaalamu anaweza kupishana na mwenzake kwa pointi 3 hivi, na mahakamani Marekani imeonekana kwamba wataalamu wa upande wa mashtaka huelekea kutoa alama za juu kuliko wa utetezi kwa mtu yuleyule. Sasa fikiria mtu mwenye kinyongo na bosi wake na dakika ishirini.

Tafsiri nayo inaumiza. "Mvuto wa juujuu" umeandikwa "ucheshi". Kwa kipimo hicho kila kondakta wa daladala ana pointi mbili. "Kuishi kwa kunyonya wengine" umekuwa "kutegemea ndugu", hivyo kijana wa miaka 27 aliyemaliza chuo na kukosa ajira, anakaa kwa mjomba mtaa wa Pasua, tayari ameshaandikiwa. Kinachotafutwa pale ni unyonyaji wa makusudi wa mtu anayeweza kujitegemea, anayetishia au kurubuni ili alishwe. "Kukosa malengo ya muda mrefu" haipimwi kwa mtu anayebangaiza kwa sababu leo lazima ale leo. Tunashauri waandaaji waliondoe karatasi hili lote. Wewe ukipewa, liache mezani. Kazini halikusaidii, na ukimwitia mtu jina hilo mbele ya wenzake umejitafutia kesi.

Mchana wa Jumamosi semina inarudi kuwa imara, kwa kipindi cha watoto. Kwanza mtoto haitwi saikopathi. DSM-5 inazungumzia uhaba wa hisia za kijamii: mtoto mwenye utovu mzito anayeonyesha angalau mbili kati ya nne, kutojuta, kutojali wengine, kutojali matokeo yake ya shule au kazi, na hisia za juujuu, kwa miezi 12 au zaidi, sehemu zaidi ya moja. Mkali nyumbani na mpole shuleni haingii hapo. Wala mtoto aliyeganda kwa sababu ya kupigwa na kutelekezwa hachukuliwi harakaharaka. Huyu mara nyingi ana wasiwasi mwingi chini ya ukavu wake, na anataka kushughulikiwa jeraha.

Kuhusu fimbo, mwezeshaji alikuwa na ujasiri na alikuwa sahihi. Fundo la hofu likiwa dhaifu, adhabu inafunga kidogo. Mlezi anaongeza fimbo, mtoto anazidi kukauka. David Hawes na Dadds, 2005, waliwafundisha wazazi wa wavulana 56 wa miaka 4 hadi 8: hatua ya kumtenga mtoto akikosea haikuwagusa vizuri wenye ukavu wa hisia, ila sifa na zawadi ziliwagusa kama wengine. Utaratibu wa semina ni wa visoda kwenye kopo la plastiki linaloonekana ndani, na umefikiriwa. Chagua tabia moja tu, iandike kwa kitendo: "amempa mwenzake zamu", wala si "awe na adabu". Ikitokea, sifia ndani ya sekunde chache, kwa kuitaja, ukimwangalia machoni kwa urefu wake, na kisoda kilie koponi. Visoda vitano ni dakika kumi na tano za kitu anachokipenda, siku hiyohiyo.

Yanayoharibu yametajwa kwa haki: kungoja Jumamosi ndipo ulipe, kunyang'anya visoda akikosea, maana kopo linageuka fimbo, kutoa kisoda kabla ya kitendo ili atulie, ambayo ni rushwa na mtoto anaijua bei yake, na bibi anayempa pipi bure wakati kopo lina visoda viwili. Tungeongeza moja: joto la kawaida, lisilo na malipo, lisikatwe. Luke Hyde na wenzake, 2016, walifuatilia watoto walioasiliwa, wakakuta kwamba utovu wa mama wa kuzaa ulitabiri ukavu wa hisia kwa mtoto hata asipolelewa naye. Mama mlezi aliyesifia na kutia moyo kwa wingi alipunguza nguvu ya urithi huo.

Kuhusu watu wazima kipindi ni kifupi na kimeegemea upande mmoja. Ulinukuliwa utafiti wa Ontario, Canada, wa 1992, wa Marnie Rice na wenzake, kwamba masaikopathi waliopewa tiba walirudia ukatili kwa asilimia 77 na wasiopewa 55. Kweli. Lakini tiba ile ya miaka ya 1960 na 1970 iliendeshwa kwa kiasi kikubwa na wagonjwa wenyewe, pamoja na LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono, na vikao vya uchi. Matokeo yanahukumu programu ile. Kituo cha Mendota, Wisconsin, Marekani, kinachoshughulika na vijana sugu kwa kulipa tabia njema ya siku hadi siku badala ya kukaza adhabu, kimeonyesha kupungua kwa ukatili baada ya kutoka. Hakikutajwa.

Ukienda, kaa meza za mbele kabla mbuzi hajayeyuka, beba kalamu, na uliza swali la samaki. Vyeti vinagawiwa saa kumi na moja Jumamosi, vimeandikwa "Mtambuzi wa Masaikopathi". Waombe wachape kingine kilichoandikwa "Amehudhuria". Wanacho, kiko kwenye bahasha ya pili.